Kizingiti cha mara arobaini

Mmeuliza wiki hii: unakoishi, kodi ya nyumba inakula kiasi gani cha mshahara? Naishi Bronx, New York, na jibu fupi ni karibu nusu, tukiunganisha mshahara wangu na wa mke wangu. Lakini hilo ni swali la mtu aliyekwisha kupata nyumba. Huku kazi ni kuipata.

Kwa wasiolijua jiji: New York ina wilaya tano, na Bronx ndiko wengi hukimbilia wakishindwa na bei za Manhattan na Brooklyn. Unafuu upo kweli. Tatizo ni kipimo. Wenye nyumba wengi wanataka kipato chako cha mwaka kisipungue mara arobaini ya kodi ya mwezi. Chukua chumba na sebule cha dola 2,000, bei isiyomshangaza mtu siku hizi: utatakiwa uonyeshe dola 80,000 kwa mwaka. Sasa mchukue anayelipwa kima cha chini, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 16.50 kwa saa. Akipiga kazi saa 40 kila wiki bila kuugua hata siku moja, mwaka unaisha ana dola 34,320 kabla ya makato. Gawa kwa arobaini: anastahili nyumba ya dola 858. Mwambieni aitafute. Hata mume na mke wakiunganisha nguvu, wanafika 1,716 tu.

Sisi tuliotoka Dar tunakuja na hesabu nyingine kichwani. Kule mwenye nyumba haulizi sana unalipwa na nani. Anataka ya miezi sita mkononi, dalali anachukua yake ya mwezi mmoja, unahamisha godoro. Kwa hiyo mtu akikataliwa huku anasema, basi nitalipa mbele, na anashangaa hakuna anayebabaika. Tangu sheria ya jimbo ya 2019, mwenye nyumba haruhusiwi kudai amana wala malipo ya mbele yanayozidi kodi ya mwezi mmoja. Ni sheria nzuri, siipingi. Ila pesa ya mbele ikikosa kazi, kinachobaki cha kumtuliza mwenye nyumba ni makaratasi: hati za mshahara, stetimenti za benki, rekodi ya mikopo, na usipofikia kiwango, mdhamini, ambaye naye mara nyingi hutakiwa awe na kipato cha mara themanini. Mgeni wa mwaka wa kwanza amtoe wapi mtu huyo? (Kwa dalali angalau tumepumua. Tangu Juni 2025 anayemwita dalali ndiye anayemlipa, na mara nyingi huyo ni mwenye nyumba. Dar nao wangeiga.)

Ndiyo maana kuna biashara kubwa ya vyumba. Mtu mwenye mkataba anapangisha chumba kimoja, pengine sebule iliyokatwa kwa pazia, kodi kwa wiki, taslimu, bila risiti. Mpwa wangu anaishi hivyo. Ukijumlisha wanachotoa wote waliomo ndani, unakuta wanalipa kuliko mimi, na jina lao haliko popote. Wakigombana na mwenye mkataba hawana hata karatasi ya kuonyesha kuwa wamelipa.

Upande wa pili wa ukuta kuna watu waliotulia. Jirani yetu, mama mmoja wa Kighana, ana vyumba viwili na analipa pungufu ya sisi wenye kimoja. Jengo letu, karibu na barabara ya Grand Concourse, ni la miaka ya 1930, na majengo ya kabla ya 1974 yenye nyumba sita au zaidi mara nyingi yamo kwenye udhibiti wa kodi. Jiji zima lina nyumba za namna hiyo karibu milioni moja. Kila mwaka bodi maalumu inapanga asilimia ya kupandisha. Kwa mikataba iliyoanza kati ya Oktoba 2025 na Septemba 2026 ni asilimia 3 kwa mkataba wa mwaka mmoja. Mama yule amekaa tangu kodi ikiwa ndogo, na kila nyongeza imehesabiwa juu ya ile ndogo. Nani atahama hapo? Mwaka 2023 nyumba zilizokuwa wazi kwa kupangishwa jijini zilikuwa asilimia 1.41 tu.

Kwa hiyo anayekuja nampa neno moja la vitendo: ukishaingia, omba ofisi ya nyumba ya jimbo ikutumie historia ya kodi ya nyumba yako. Hailipiwi. Humo utaona mpangaji aliyetangulia aliandikishwa kwa kiasi gani, na kama umepandishiwa kinyume cha sheria unaweza kudai urudishiwe.

Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alichaguliwa meya Novemba 2025 kwa ahadi ya kusimamisha nyongeza kwenye nyumba hizo zenye udhibiti. Nyumbani kwetu tulishangilia, na jirani yangu alishangilia zaidi. Mpwa wangu aliuliza kama na yule anayempangisha chumba atasimamishwa. Nikamjibu: hapana, mjomba, wewe bado unaitafuta ile nyumba ya dola 858.