Penalti ya Gyan na aya yangu ya tatu: kwa wageni wa dawati la michezo

Wadogo zangu, jana nimepitia stori tatu za mechi moja kabla hazijafika kwa mhariri, na zote zimemwandika mshambuliaji aliyekosa penalti kuwa "hana moyo". Nikauliza: mechi mmeitazama? Wawili wakaangalia viatu vyao. Wa tatu akanionyesha klipu ya sekunde kumi na tano kwenye simu. Basi chakula cha mchana kimenipita, nimekaa kuwaandikia haya.

1. Yakifika matuta, ile mikwaju ya penalti ya kuamua mshindi, andika majina ya wapigaji wote kwa mkono, kwa mpangilio wao. Sababu inakuja.

2. Usifunge stori kabla ya filimbi. Najua ukurasa unasubiriwa na mtu wa mitambo anapiga simu kila dakika mbili. Nilikuwa najua hivyohivyo usiku wa tarehe 2 Julai 2010.

Nilikuwa na miezi minne kazini. Wakubwa walikwenda kutazama na watu, mimi nikaachiwa kompyuta, televisheni ndogo na ukurasa wa nyuma wenye shimo la maneno 400. Ghana na Uruguay, robo fainali ya Kombe la Dunia, Soccer City. Muntari wa Ghana alifunga kwa shuti la mbali kabla ya mapumziko, Forlán wa Uruguay akasawazisha kwa mpira wa adhabu, na dakika za nyongeza zilikuwa zinakatika. Kwa saa zetu ilikuwa inakaribia saa sita usiku. Mara kizaazaa langoni, Adiyiah wa Ghana anapiga kichwa, mpira unakwenda wavuni, Suárez wa Uruguay anaupangua kwa mikono mstarini kama kipa. Kadi nyekundu. Penalti. Anakwenda Asamoah Gyan, ambaye kwenye fainali zilezile alishapiga mbili, na Serbia na Australia, zote ndani. Timu ya Afrika haikuwahi kufika nusu fainali. Nikaandika GHANA YAIVUSHA AFRIKA, nikatuma.

Mpira ukagonga mtambaa panya.

Nilimpigia mtu wa mitambo sauti ikinitetemeka. Akanipa dakika kumi na tusi moja. Nikainama, nikaanza upya. Kichwa kile cha habari hakikutoka, kwa hiyo hilo si kosa ninalowaungamia. Kosa ni kwamba nilipoinama sikuinuka. Vuvuzela zinalia, mtangazaji anataja majina, mimi nachapa. Niliokota matokeo ya matuta tu: Uruguay 4-2, Mensah kakosa, Adiyiah kakosa. Aya ya tatu nikaipamba: Gyan amevunjika, miguu imemwisha nguvu, "hakuthubutu tena kuusogelea mpira". Nilijiona fundi! Niliisoma mara mbili kwa raha zangu.

Natoka getini, mlinzi wetu, mzee mmoja aliyekuwa ametazamia mechi kwa muuza chipsi ng'ambo ya barabara, akanisimamisha. "Kijana, yule Gyan mwanaume. Kakosa ile, halafu kwenye matuta wa kwanza wa Ghana kaenda yeye. Kaipachika juu, kwenye kona."

Nikamwambia, "Ndiyo, mzee." Gari la magazeti lilikuwa linapakia nyuma yangu.

Asubuhi simu hazikukoma. Msomaji mmoja aliuliza kwa upole kabisa kama mwandishi wetu alikuwa anatazama mechi hiyohiyo. Mhariri hakunifokea. Alikata aya ile kwa mkasi, akaibandika kwenye kioo cha kompyuta yangu, ikakaa hapo mpaka fainali ya tarehe 11.

3. Sikilizeni mashabiki. Mzee yule hakutaja mtambaa panya hata mara moja. Alichokisimulia, mwezi mzima, ni ule mwendo wa kutoka katikati ya uwanja hadi kwenye nukta, dakika chache baada ya bara zima kushika vichwa. Kila akisimulia, mwendo unazidi kuwa mrefu.

4. Wala msimgeuze malaika. Februari 2012, nusu fainali ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, mjini Bata, Gyan alikosa tena penalti, kipa Mweene wa Zambia akaidaka, Ghana ikatoka 1-0. Wengi waliomsifu 2010 ndio waliomtukana, mpaka akaomba kupumzika timu ya taifa. Mama yake akamtaka asipige tena penalti za Ghana, na Novemba mwaka huohuo mama huyo akafariki. Gyan alirudi, akavaa kitambaa cha unahodha. Januari 2015, AFCON tena, alikosa mechi ya Senegal kwa malaria, siku chache baadaye akaingia kucheza na Algeria na kufunga bao pekee dakika za majeruhi. Kwa hiyo hilo neno "mtu wa chuma" nitalifuta kila nitakapolikuta. Chuma hakiombi kupumzika, na Gyan aliomba.

5. Hakiki tahajia za majina. Chaji simu kabla ya kwenda uwanjani. "Staa" mara moja kwa stori, inatosha.

Stori zenu tatu nimezirudisha. Mshambuliaji wenu alikosa dakika ya 58. Tafuteni rekodi nzima, mniambie kwenye kona ya dakika ya 81 alikuwa amesimama wapi na nani aliondoa mpira ule. Mimi nimeshaangalia.