Boksi la transmita nje, karibu na bahari
Mkuu, kwa boksi la kukinga transmita ya presha (kifaa kinachopima presha na kutuma kipimo) inayokaa nje hapo Tanga tena karibu na bahari, achana na boksi la chuma cha kupiga rangi, chumvi italila. Chukua faiba (plastiki ya fiberglasi) au stenlesi daraja la 316, ile 304 ya bei poa inaanza madoa ya kutu kwa upepo wa pwani. Kwa IP (namba ya kiwango cha boksi kuzuia vumbi na maji), IP65 mvua inahimili, ila kama wanaosha eneo kwa mpira wa presha kubwa nenda IP66. Nyaya ziingilie chini na glandi (kibano kinachoziba pale waya unapoingia) iendane na unene wa waya, maana mafundi wanatoboa juu halafu wanashangaa maji yamepitia wapi 😂 Weka na kibati cha kivuli, acha nafasi hewa ipite, jua la saa nane linaua skrini.