Maswali ya Wasomaji: Kilimanjaro Bila Haraka

*Napenda mlima kwa sababu ya uhuru wake: hakuna foleni, hakuna simu ya bosi. Naweza kupanda Kilimanjaro peke yangu, begi mgongoni? – J., Dodoma*

Hapana. Kanuni za hifadhi zinataka uwe na mwongozaji mwenye leseni. Bila yeye hupiti getini. Lakini si mwongozaji anayekunyima uhuru, ni ratiba fupi. Mwenye siku 5 hukimbizana na jua. Mwenye siku 6 au 7 anaweza kukaa juu ya jiwe nusu saa nzima akiangalia mawingu yakipanda kutoka msituni, na hakuna wa kumwambia "twende".

*Mwaka jana nilipita njia ya Marangu kwa siku 5. Nakimbia kilomita 10 kila Jumamosi, lakini kufika kibanda cha Kibo kichwa kilitaka kupasuka, nikatapika, nikarudishwa. Wenzangu wasiofanya mazoezi yoyote walifika. Nilikosea wapi? – Mkimbiaji, Mwanza*

Ndugu Mkimbiaji, huenda mbio ndizo zilizokuponza, maana wenye nguvu hupenda kutangulia. Ila kosa kubwa liko kwenye hesabu ya usiku. Vibanda vya kulala vya njia hiyo viko hivi: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kila usiku ulilala mita 1,000 juu ya ulipolala jana, ilhali ushauri wa kitabibu ni kwamba ukivuka mita 3,000, kimo cha kulala kisiongezeke zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku.

Hewa ya juu ina oksijeni asilimia 21, sawa na ya Mwanza. Kinachopungua ni mgandamizo: kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, kila pumzi inakupa takriban nusu ya oksijeni ambayo ungeipata pwani. Mwili huzoea kwa kuhema zaidi na kukojoa zaidi. Kazi hiyo inataka siku kadhaa, na mazoezi ya Jumamosi hayaifupishi.

Safari ijayo lala Horombo usiku 2. Siku ya katikati panda hadi miamba ya Zebra Rocks, kama mita 4,000, au usogee kidogo kuelekea kilele cha Mawenzi. Kaa saa moja, kisha rudi ukalale chini. Mwenye nafasi aanze na Mlima Meru wiki hiyohiyo, apate zaidi ya mita 4,500 kabla hajaikaribia Kibo. Mwendo upime kwa mdomo: ukishindwa kumaliza sentensi bila kukata pumzi, punguza.

Asetazolamidi, dawa inayousaidia mwili kuzoea kimo, miligramu 125 asubuhi na jioni kuanzia siku moja kabla ya kupanda, huwasaidia wengi. Muone daktari kwanza, hasa kama uliwahi kudhuriwa na dawa za salfa, mfano SP ya malaria. Ukiitumia usishtuke vidole vikichonyota na soda ikakosa ladha.

Kichwa kikiuma, kunywa maji, meza parasetamo, pumzika. Kisipoachia, usipande. Mtu akipepesuka, akashindwa kutembea kwenye mstari mnyoofu kisigino kikigusa vidole, au akihema kwa shida hata akiwa amekaa, huyo ashushwe papo hapo, hata kama ni usiku wa manane. Kusubiri kukuche ndiko kunakoua. Mwongozaji aliyekurudisha alijua kazi yake.

*Kwa nini safari ya kilele ianze saa sita usiku? Ni ili tusiuone mwinuko tukaogopa? – Mama R., Moshi*

Utani huo upo mlimani, Mama R., na una chembe ya ukweli. Ila sababu yenyewe ni ardhi. Juu ya kibanda cha Kibo mnakanyaga changarawe za volkano: usiku huganda zikashika buti, jua likizipata zinalegea, unapanda hatua moja na kuteleza nusu yake. Tena siku hiyohiyo lazima mshuke hadi Horombo, na mchana mawingu hufunga.

Baridi inaweza kufika nyuzi 15 chini ya sifuri. Ondokeni mkihisi ubaridi kidogo. Anayevaa kila kitu tangu kibandani hutoka jasho, na jasho hilo ndilo litakalomgandisha saa kumi alfajiri. Chupa ya maji igeuzwe kichwa chini, kwa kuwa barafu huanzia juu, na kizibo kitabaki kinafunguka. Mifuko ya maji yenye mrija haifai usiku huo. Mrija huganda kwanza.

*Nimeona picha ya kivuli cha Kilimanjaro alfajiri, kimechongoka kama piramidi. Kibo, kilele chake kikubwa, ni bapa juu! Picha imechezewa? – Fundi Saa, Tanga*

Haijachezewa. Jua linapochomoza, kivuli cha mlima hunyooka makumi ya kilomita, na kingo zake huonekana kukutana kwa mbali kama reli mbili za treni. Kwa hiyo mlima wowote, hata wenye kichwa bapa, ukitazamwa kutoka juu yake hutupa pembetatu.

Wengi hukikosa kwa sababu wote wanatazama mashariki. Ukiwa karibu na Uhuru, lipe jua mgongo. Utakiona kimelala juu ya ukungu na mawingu upande wa magharibi, na jinsi jua linavyopanda ndivyo kinavyojivuta kuelekea miguuni pako. Simu iwe mfuko wa ndani, karibu na mwili, kwani baridi hupunguza nguvu za betri, na uvae glavu nyembamba chini ya zile nene ili usifungue vidole vitupu.