Kabla ya mashine, tafuta mahali: kuchomelea uani kwa pesa kidogo

Wengi wanaoniuliza kuhusu kuchomelea nyumbani huanza na mashine. Wanataka kujua wanunue ipi, ya ampea ngapi, imetoka wapi. Mimi huwauliza kwanza wataiwekea wapi. Nachomelea uani kwangu Kigamboni kwa kupenda tu: stendi za maua, fremu za banda la kuku, kitanda cha chuma, kageti ka nyuma. Sili kwa kazi hii. Lakini moto wangu ni uleule wa mafundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, na umeme unaoweza kuniua ni uleule. Ndiyo maana nashikilia jambo moja: kama pesa ni kidogo, ya kwanza iende kwenye mahali, waya na macho. Mashine ifuate.

Mahali huanza na upepo. Sisi wa pwani tunajua kusi inavuma lini na kaskazi inaingia lini, basi tutumie elimu hiyo. Chagua kona ambayo katika misimu yote miwili moshi hautaingia jikoni wala kwenye nguo za jirani zilizoanikwa. Usizungushe kuta nne ukajifungia. Mwaka 2017 IARC, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, iliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Aliye nje tayari amepata kinga ambayo mwenye karakana ya ndani huinunua kwa mafeni na mabomba. Simama upepo ukupige ubavuni, ili moshi upite kando ya uso badala ya kupanda ndani ya barakoa ya kuchomelea.

Upepo huohuo ndio unaoamua aina ya mashine. Ile ya waya na mtungi wa gesi inategemea gesi ifunike chuma kinachoyeyuka, na upepo mdogo tu unaipeperusha. Mshono unatoka na matundu kama andazi. Kwa uani chukua ya vijiti vya kuchomelea (elektrodi), kwa sababu kijiti kimevaa unga wake unaotoa kinga yenyewe.

Kuta mbili zinatosha, na mabati chakavu yanafaa kabisa. Kazi yake kubwa ni kuzuia mwanga usiwafikie watoto na wapita njia, kwa hiyo yapande juu ya kimo cha mtu. Upande wa ndani upake rangi nyeusi au ya kijivu isiyong'aa. Bati jipya linarudisha miali, nayo inaingia nyuma ya barakoa na kukupiga macho wakati unajiona umejikinga. Paa liwe bati pia. Makuti ni hatari na turubai la nailoni ni hatari. Cheche haziangalii sura.

Mchanga wetu ni mzuri kwa moto, ila ukilowa unapitisha umeme na kila kitu kidogo kikianguka kimepotea. Mimi nilimwaga kazege kadogo, mita moja na nusu kwa mbili, kutokana na saruji na kokoto zilizobaki kwenye ujenzi. Usichomelee chuma kikiwa kimelala juu ya zege. Unyevu uliomo ndani hugeuka mvuke na vipande vinaruka kwa kishindo. Inua kazi juu ya matofali au meza ya chuma. Fagia majani ya mwembe kila mara kabla ya kuanza, na masika ikifika kubali kupumzika: chini kukiwa kumelowa, usiguse mashine.

Umeme ndipo nisipokubali kubana pesa. Mashine ndogo ya inveta, ile nyepesi ya kielektroniki, ukiifanyia kazi nyepesi inaweza kuvumilika kwenye soketi ya kawaida ya ampea 13. Ukipandisha moto, yaani ampea, inavuta zaidi ya hapo na soketi inaanza kuyeyuka kimyakimya. Mwite fundi umeme mwenye leseni akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye meinswichi, waya wa milimita 6 za mraba, breka ya ampea 32, pamoja na breka inayokata umeme ukivuja. Hakikisha nguzo ya arthi ya nyumba, ile inayopeleka ardhini umeme uliovuja, iko hai. Nyumba nyingi za mtaani ilishakatika na hakuna aliyejua. Kama lazima utumie ekstensheni, iwe na waya mnene na uikunjue yote. Ikibaki imeviringwa inajipika.

Kuhusu LUKU, hofu kwamba kuchomelea kunamaliza uniti ni kubwa kuliko ukweli. Kijiti cha milimita 2.5 kwa ampea 80 kinatumia takribani kilowati mbili na ushee, tena pale tu kinapowaka. Katika saa nzima ya kazi ya kujifurahisha, muda mwingi unapima, unakata na unagonga maganda yanayofunika mshono, kwa hiyo mara nyingi unamaliza saa bila kufikisha uniti moja.

Macho sasa. Miwani ya jua haikingi, hata ukivaa mbili. Nawaona vijana barabarani wanafanya hivyo na roho inaniuma. Madhara hayaji palepale. Yanakuja saa kadhaa baadaye, usiku, macho yanawasha kama yametiwa mchanga na machozi hayakatiki. Kuweka viazi au maziwa machoni hakutibu, nenda hospitali. Barakoa inayojigeuza giza yenyewe ni tamu kutumia, lakini ile ya bei rahisi yenye kioo cha giza namba 10 au 11 inalinda vilevile. Nunua hiyo, pesa inayobaki iweke kwenye glovu za ngozi na viatu vya ngozi vilivyofunika mguu. Nguo iwe ya pamba, mikono mirefu. Nailoni inayeyukia mwilini. Kwa grenda, mashine ya kukatia na kusugulia chuma, unahitaji miwani nyingine ya wazi, na usiondoe kinga ya jiwe hata kama fundi mwenzako ameondoa ya kwake. Kabla ya kuwasha kijiti mimi hupaza sauti, "Macho!" Watoto wa kwangu na wa jirani wameshazoea kugeuka.

Chuma cha kuanzia kipo kwa wauza skrepa, na hapo pesa inaokolewa kwelikweli. Chagua kilichokuwa cheusi au chenye kutu nyepesi. Mabomba ya maji yaliyopakwa zinki yaache: moshi wake unaleta homa na baridi usiku, kama malaria. Rangi ya zamani ikwangue kwanza. Pipa au tangi lililowahi kubeba mafuta usilichomelee kamwe, hata kama limekaa tupu mwaka mzima, kwa sababu mvuke unaobaki ndani unalipuka kama bomu. Na usisafishe chuma kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia breki. Nyingine zina klorini, na joto la kuchomelea linaigeuza gesi ya sumu.

Baada ya yote hayo, nenda kanunue mashine. Inveta ndogo itakayotoa ampea 120 za kweli inatosha kazi zote za nyumbani. Nasema za kweli kwa sababu namba kubwa zilizochorwa ubavuni mara nyingi ni za kuuzia tu. Soma kibandiko cha nyuma kinachoonyesha inaweza kufanya kazi dakika ngapi katika kila kumi. Ikiandikwa asilimia 60, ni dakika sita za moto na nne za kupumzika. Anza na vijiti vya aina ya 6013 (namba huandikwa kwenye pakiti), milimita 2.5, kati ya ampea 70 na 90. Vinawaka kirahisi na vinavumilia unyevu wetu kuliko 7018, ambavyo vinataka kukaushwa kwenye oveni. Hata hivyo vihifadhi kwenye kipande cha bomba la plastiki kilichozibwa pande zote mbili, na mashine ilale ndani ya nyumba. Hewa ya chumvi inakula bodi zake za umeme za ndani.

Kazi ya kwanza iwe meza yenyewe: miguu ya skwea paipu, juu bamba la milimita 5 au 6, kimo cha kiuno chako. Mishono itakuwa mibaya na meza itasimama tu. Weka ndoo ya mchanga chini yake na ndoo ya maji mbali na waya. Ukimaliza, zima mashine, lakini kaa hapo uani angalau nusu saa ukifanya shughuli nyingine, maana cheche iliyojificha kwenye majani makavu huchelewa kuwaka.