Maswali ya Wasomaji: Nafasi ni ya Taifa, Kiwango ni cha Siku

Tangu Kigali iandae mashindano ya dunia ya mbio za baiskeli za barabarani mwezi Septemba 2025, mara ya kwanza kwa mashindano hayo kufika Afrika, wasomaji wetu wameandika barua nyingi ambazo, ukizisoma kwa makini, zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: kwa nini anayekimbia vizuri leo siye anayevaa jezi ya taifa kesho? Nne kati ya barua hizo zinajibiwa hapa.

SWALI: Katika mbio za Kigali niliona mataifa makubwa yakiwa na waendeshaji wanane, ilhali mengine yalikuwa na mmoja tu. Je, huu si upendeleo? Huku kwetu tuna vijana wanaopakia magunia mawili kwenye baiskeli na kupanda nayo mlima bila kushuka. (Msomaji, Busia)

JIBU: Ndugu msomaji, nguvu za vijana hao sina shaka nazo, na ni haki Busia ijivunie baiskeli kwa kuwa jina lenyewe la bodaboda lilianzia mpakani hapo. Ila nafasi za mashindano ya dunia hugawanywa kwa mataifa, tena kwa kufuata pointi ambazo waendeshaji wa kila taifa wamekusanya katika majuma 52 yaliyopita. Kwa wanaume, mataifa kumi ya juu hupeleka waendeshaji 8 kila moja, yanayofuata hadi nafasi ya 20 hupeleka 6, yale ya hadi nafasi ya 30 hupeleka 4, na chini ya hapo idadi hushuka hadi mmoja. Bingwa mtetezi huongezwa juu ya hesabu ya taifa lake.

Ugumu uko katika mahali pointi zinakopatikana. Mshindi wa jumla wa Tour de France hupata pointi 1,300, na atakayeshinda hatua moja tu ya mbio hizo, yaani mbio za siku moja kati ya siku zake nyingi, hupata 210. Mshindi wa jumla wa Tour du Rwanda, ambaye amehangaika na vilima vya nchi hiyo kwa wiki nzima, hupata 125. Alasiri moja ya mwezi Julai nchini Ufaransa, kwa hiyo, humpa mtu pointi nyingi kuliko wiki nzima ya jasho Rwanda. Mashindano ya Ulaya ni bora na wapinzani ni wengi, hilo sikatai. Lakini taifa lisilo na waendeshaji walioajiriwa na timu za Ulaya halina pa kuzichuma pointi hizo, na likizikosa halipeleki watu wa kutosha kwenye mashindano ambako vijana wake wangeonekana na kuajiriwa. Upendeleo wa makusudi sidhani kama upo, ila mzunguko huo haumtoi mtu nje kwa urahisi, na kwa maoni yangu mabara yaliyo nyuma yanastahili nafasi zaidi za moja kwa moja kupitia ubingwa wa bara, kama inavyofanyika kwa Olimpiki.

SWALI: Nilisafiri kwa basi hadi Kigali na kulala kwa ndugu siku tatu ili niwaone Mathieu van der Poel wa Uholanzi na Jonas Vingegaard wa Denmark. Hawakuja. Je, ni dharau kwa Afrika? (Msomaji, Bukoba)

JIBU: Pole kwa safari, ingawa naamini hukurudi mikono mitupu, kwa sababu ulishuhudia mojawapo ya mbio ngumu kuliko zote katika historia ya mashindano haya. Njia ilikuwa na kilomita 267.5 na jumla ya kupanda iliyozidi mita 5,400, katika jiji lililo zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukiitazama njia hiyo, utaona jibu la nusu ya swali lako. Van der Poel ana nguvu nyingi katika vilima vifupi na barabara za mawe, lakini mwili wake ni mzito kwa mbio ambazo kupanda hakuishi. Huenda kile kipande cha mawe cha Kwa Mutwe kingemfaa; Mlima Kigali na marudio yote yale ya vilima visingemhurumia. Mwezi huo yeye alielekeza nguvu zake kwenye mashindano ya dunia ya baiskeli za milimani.

Suala la Vingegaard ndilo linalofundisha zaidi kuhusu kiwango. Tarehe 14 Septemba alimaliza Vuelta ya Hispania akiwa mshindi, baada ya majuma matatu ya mbio, na mwezi Julai alikuwa amekwisha kukimbia Tour de France. Washabiki wengi hudhani kwamba aliyeshinda wiki iliyopita atashinda na wiki ijayo. Mwili hauendi hivyo. Kiwango cha juu hujengwa kwa miezi, hushikiliwa kwa majuma machache, kisha hushuka, na uchovu wa mbio ndefu hujitokeza mtu akishapumzika kidogo na kudhani amepona. Tarehe 5 Oktoba Vingegaard aliingia katika ubingwa wa Ulaya akiivalia Denmark, akaachwa nyuma zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 100. Mtu yuleyule, majuma matatu tu baada ya kuvishwa jezi nyekundu ya mshindi huko Hispania!

Tadej Pogačar wa Slovenia, aliyeshinda Kigali baada ya kuchomoka zikiwa zimebaki kilomita zaidi ya 100 na kubaki peke yake kwa takriban 66 za mwisho, hakukimbia Vuelta. Hata yeye, siku saba kabla, alipitwa barabarani na Remco Evenepoel wa Ubelgiji katika mbio dhidi ya saa, ambazo kila mtu huanza peke yake kwa zamu, ingawa Evenepoel alikuwa ameanza nyuma yake. Kati ya watu 165 walioanza mbio alizoshinda Pogačar, 30 tu ndio waliofika mwisho.

SWALI: Iwapo nafasi ni za taifa, anayewachagua waendeshaji hutumia kipimo gani? Na je, asiyechaguliwa anaweza kudai? (Msomaji, Lubumbashi)

JIBU: Kudai anaweza, kupata ni jambo jingine. Taifa likishapata nafasi zake, shirikisho lake la baiskeli ndilo huamua nani azijaze, na kila shirikisho lina vigezo vyake. Kwa Olimpiki za Paris 2024, ambako wanaume walikuwa 90 na wanawake 90, hakuna taifa lililoruhusiwa kupeleka zaidi ya watu 4 katika mbio za barabarani, hivyo hata Ubelgiji iliwaacha nyumbani watu ambao kwingine wangekuwa manahodha.

Mfano wa Slovenia ulizungumzwa sana. Urška Žigart alikuwa bingwa wa taifa wa mbio za barabarani na wa mbio dhidi ya saa mwaka huohuo, lakini shirikisho halikumchagua. Pogačar, ambaye ni mchumba wake, alijiondoa akitaja uchovu baada ya kushinda Giro d'Italia, yaani mbio za Italia, na Tour de France, na akakiri kwamba kuachwa kwa Žigart hakukusaidia. Mimi naona ubingwa wa taifa ungepaswa kuwa na uzito zaidi, la sivyo kwa nini tuuite ubingwa?

Wamarekani walipata bahati kwa njia ya pembeni. Taylor Knibb, mwanamichezo wa mbio za aina tatu (kuogelea, baiskeli na kukimbia), aliachia nafasi yake ya mbio za barabarani, na Kristen Faulkner akaingizwa badala yake. Tarehe 4 Agosti 2024 Faulkner alishinda dhahabu. Mchaguaji yeyote angependa kusema kwamba aliliona jambo hilo mapema.

SWALI: Biniam Girmay alishinda hatua tatu za Tour de France na jezi ya kijani, ile ya pointi, mwaka 2024. Mwaka 2025 hakushinda hatua hata moja ya Tour. Je, amekwisha? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hapana. Katika hatua ya kwanza kabisa ya Tour ya 2025 Mwertrea huyo alikuwa wa pili nyuma ya Jasper Philipsen, na mwenye kasi ya kumaliza wa pili katika siku ya kwanza ya Tour hajaisha. Mbio za kumaliza kwa kasi huamuliwa na mambo madogo: nani anakukinga upepo katika kilomita ya mwisho, unamfuata nani, unafungua kasi mita 200 au 150 kabla ya mstari. Mwaka 2024 mambo hayo yalikaa sawa mara tatu. Kigali haikuwa njia yake, na hakuna aliyefahamu vilima vile aliyemtarajia hapo. Mtazame kwenye mbio za Machi na Aprili huko Ubelgiji, alikoshinda Gent-Wevelgem mwaka 2022, kabla hujamhukumu.