Umechaguliwa bodi ya shule huku Sauzi? Soma hii kabla hujasaini chochote

Mimi SGB, yaani hiyo bodi ya shule, niliingia bila kupanga, tuseme ukweli. Mwaka 2018 nilienda kikao cha wazazi nikijua ni yale yale ya ada, nikakaa nyuma karibu na mlango ili niwahi kurudi dukani, mara mama mmoja wa Kikongo tuliyekaa naye benchi moja akanyoosha mkono akataja jina langu, mwingine akaunga mkono, karatasi za kura zikapita, na wiki mbili baadaye kwenye kikao cha kwanza nikapewa na uweka hazina eti kwa sababu nina duka na mwenye duka anajua hesabu. Duka lenyewe la kava na chaja za simu hapa Johannesburg, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Shule sitaitaja na mtaa pia sitautaja, maana watu wengine bado wapo kazini na mengine nitakayoandika ni aibu yangu mwenyewe.

Naandika kwa sababu kila uchaguzi ukikaribia napigiwa simu na Watanzania na Wakongo wenye watoto kwenye shule za serikali huku, swali ni lile lile, "kaka hii SGB ni nini, ina posho?" Posho haina. Sheria inakataa kumlipa mjumbe kwa kazi ya bodi, unarudishiwa tu gharama za lazima ulizotoa mfukoni, nauli na vitu kama hivyo. Kama hiyo ndo ilikuwa hamu yako basi ishia hapa.

Sasa tofauti na nyumbani. Mimi nimesoma Tanga, kamati ya shule nilikuwa naijua kama wazee wanaoitwa ikifika michango ya madawati. Huku ni kitu kingine kabisa. Kuna sheria ya shule ya mwaka 1996, namba 84, na ndani yake bodi inapewa meno: inatunga sera ya lugha na ya kuandikisha watoto, inatunga kanuni za nidhamu, inasimamia mfuko wa shule, inapendekeza walimu wa kuajiriwa. Na wazazi lazima tuwazidi kwa mmoja wajumbe wengine wote wenye kura ukiwajumlisha. Kwetu mwalimu mkuu mmoja, walimu wawili na mfanyakazi mmoja asiye mwalimu, hao wanne, kwahiyo wazazi watano. (Sekondari wanaingia na wanafunzi, kuanzia gredi ya 8, wao wanakaa mwaka mmoja tu, sisi wengine miaka 3.) Mwenyekiti lazima awe mzazi ambaye hajaajiriwa pale shuleni. Yaani kwenye karatasi wenye nguvu ni nyinyi, afu unakaa kwenye kikao unakuta wazazi watano wote wanaitikia tu ndio mwalimu, ndio mwalimu.

Upande wa pili kuna SMT, ndo menejimenti ya shule, mwalimu mkuu na makamu wake na wakuu wa idara. Hawa ndo wanaoendesha shule kila siku, nani anafundisha nini, ratiba, mitihani, mwalimu mtoro anafanywaje, na mwalimu mkuu anawajibika kwa idara ya elimu ya jimbo, sio kwa nyinyi. Mimi nilikuja kuielewa kidaladala: mwenye gari hamnyang'anyi dereva usukani njiani, na dereva naye hajipangii hesabu ya siku. Ugomvi karibu wote niliouona kwa miaka ile mitatu ulitokana na mtu kusahau yeye ni yupi kati ya hao wawili, na mimi nilisahau mara mbili, kila upande mara moja.

Mara ya kwanza nilikuwa na miezi miwili tu. Mwanangu akasema mwalimu wa hesabu wa gredi ya 5 anachelewa kila Jumatatu, nikaona si mimi ni bodi bana, nikavaa shati la mikono mirefu, nikaenda moja kwa moja mpaka darasani saa mbili kasoro, nikasimama mlangoni na daftari naandika muda aliofika. Watoto wakaanza kucheka. Mwalimu mkuu, mama wa makamo wa Kizulu, mpole kweli kweli, alikuja akanishika kiwiko akanitoa nje akaniambia baba, ukiwa na malalamiko niletee mimi kwa maandishi, humo ndani sio kwako. Nilinuna wiki nzima. Lakini alikuwa sahihi, asilimia mia. Kumkagua mwalimu ni kazi ya SMT, mjumbe wa bodi hana ruhusa ya kuingia darasani kufanya ukaguzi. Kazi yako ni kuuliza kwenye kikao, "mahudhurio ya walimu muhula huu yakoje?", jibu liandikwe kwenye muhtasari, na muhula ujao uulize tena hilo hilo. Hiyo ya pili ndo inauma, niamini.

Ya pili ndo mbaya. Wakati ule bado cheki zinatumika (zilifutwa nchini mwisho wa 2020) na za shule kwetu zilikuwa zinahitaji saini mbili, yangu na ya mwalimu mkuu. Na mimi niko dukani tangu asubuhi mpaka usiku, kwahiyo kila mara karani wa shule anafunga safari ya teksi kunifuata kwa ajili ya saini moja, tukaona usumbufu. Siku moja akaja na kitabu kizima, nikamwambia lete, nikasaini tano zikiwa tupu juu ya boneti ya pikapu ya mteja wangu iliyokuwa imepaki pale mbele, huku namtafutia mteja mwingine kioo cha simu. Dakika mbili hazikuisha. Niliona nimewasaidia.

Moja ya zile ikalipa ukarabati wa vyoo vya wavulana. Kotesheni tuliyopitisha kwenye kikao ilikuwa randi 18,500, iliyotoka benki ni 27,000. Fundi aliongeza kazi, hivyo ndo nilivyoambiwa, mabomba yalikutwa yameoza, na inawezekana kabisa ni kweli, vyoo vile nilivijua. Ila hakuna karatasi iliyosema hivyo, hakuna kikao kilichopitisha nyongeza, na saini iliyopo pale ni yangu. Mkaguzi wa hesabu alipokuja alinionyesha ile cheki akauliza swali moja tu, "hii ni saini yako?" Nilijibu ndio na masikio yanawaka. Hakuna aliyefungwa, hakuna aliyefukuzwa, iliandikwa tu kwenye ripoti kama dosari na nakala ikaenda idarani, maana hesabu zilizokaguliwa lazima zifike huko ndani ya miezi 6 tangu mwaka wa fedha uishe. Lakini mpaka leo sijui kama nililinda mwizi au nilimdhania mtu vibaya, na hiyo ndo adhabu yenyewe.

Kwahiyo wewe unayeingia sasa hivi, cheki hazipo ila zipo zile za kubonyeza kwenye simu kuruhusu malipo, na mchezo ni ule ule. Usimpe mtu pini yako. Usibonyeze kama hujaona ankara, kotesheni na ukurasa wa muhtasari uliopitisha hayo malipo, vitatu pamoja. Ukiambiwa ni haraka, fundi anasubiri getini, mwache asubiri, getini kuna kivuli. Na kama wewe mwenyewe una biashara, wakija kukuomba uiuzie shule rangi au karatasi, mambo yanayokugusa yakijadiliwa unatoka nje ya chumba, sheria inasema hivyo na hata isingesema. Mimi waliniomba spika za sherehe, nikakataa, mke wangu akanicheka.

Ajira za walimu. Hapa kaa chonjo kweli. Bodi ndo inafanya usaili na kupendekeza jina kwa idara, na kwenye hiki kipengele nafasi zimeshawahi kuuzwa nchi hii, tume ya Profesa John Volmink iliyotoa ripoti 2016 ililikuta hilo. Kwetu sikuona hela ikipita mkono, ila niliona mgombea mmoja anafahamika kwa wajumbe wote kabla hajaingia mlangoni, anaulizwa hali ya mama yake. Nilichofanya ni kidogo tu, niliomba kila mmoja aandike alama zake kwa peni, sio penseli, na karatasi zikusanywe kabla hatujaanza kujadili. Kulikuwa na minong'ono. Lakini ukishaandika kwa peni ni ngumu kupandisha mtu kutoka 4 mpaka 9 bila kuonekana.

Haya mengine haraka haraka kwa sababu ndo mnayoniuliza sana inbox. Ripoti ya mtoto haizuiliwi kwa sababu ya ada, na mtoto hatolewi darasani kwa hilo, kama huna uwezo unaomba msamaha wa ada kwa bodi, kuna fomu, omba fomu. Mtoto hafukuzwi na mwalimu mkuu kwa mdomo, bodi baada ya kumsikiliza inaweza kumsimamisha siku 7 za shule basi, kumfukuza moja kwa moja ni mkuu wa idara ya jimbo peke yake. Na ndugu zangu wenye watoto wasio na vyeti vya kuzaliwa, mahakama kuu ya Makhanda ilishasema Disemba 2019 kwamba mtoto asikose shule kwa kukosa makaratasi, mkiwa kwenye bodi kumbusheni hilo dirishani wakati wa kuandikisha. Halafu kuna ile sheria ya BELA, ya kurekebisha sheria za elimu ya msingi, Rais Ramaphosa aliisaini 13 Septemba 2024, kelele zake mlizisikia. Kwa lugha fupi sera zetu za lugha na za kuandikisha sasa zinapelekwa kwa mkuu wa idara kuidhinishwa. Wengine wanasema bodi zimenyang'anywa. Mimi nimeshuhudia bodi ikitumia "umbali wa makazi" kukataa watoto ambao shida yao haikuwa umbali, kwahiyo sina machozi mengi.

Bajeti ndo nilitaka kumalizia. Inapitishwa na wazazi wote kwenye mkutano wao, taarifa siku 30 kabla, na shule za kulipisha hata ada yenyewe inapigiwa kura pale pale. Kwetu mikutano ilikuwa Jumatano jioni, watu kumi na tano, inapita kama maji. 2019 tukaihamishia Jumapili saa tisa baada ya kanisa na watu wakaja, wengine na watoto mgongoni. Nikasoma mistari yote kwa Kiingereza changu hiki, na nyuma yule yule mama wa Kikongo akawa anawatafsiria wenzake kwa Kiswahili cha Lubumbashi kwa sauti ya juu kuliko yangu. Nikafika mstari wa "mengineyo", randi 40,000. Akasimama.

"Baba, mengineyo ni nini?"

Nikamwangalia mwalimu mkuu, mwalimu mkuu akamwangalia karani, karani akaangalia karatasi. Ukumbi kimya. Tuliukata ule mstari palepale, ikabaki elfu 6, na bajeti ikapita saa kumi na mbili na robo.