Yuko Darasa la Nne na Hajui Kusoma: Kamati ya Shule Ianzie Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati ya shule ya msingi wilayani Sengerema. Hivi karibuni nilimpa binti yangu wa darasa la nne barua fupi ya Kiswahili anisomee, akakwama kwenye mstari wa pili, na nilipowauliza majirani nikakuta hayuko peke yake. Tunasikia kuwa sera ya elimu ni mpya na mtaala umebadilika, na kamati yetu inataka kuwachangisha wazazi tujenge chumba kingine cha darasa. Je, hayo yatainua ubora wa elimu?
Mzazi, Sengerema

JIBU: Ndugu mzazi, umefanya vyema kumpima binti yako kwa barua, kwa kuwa wengi wetu hufungua daftari, tukaona tiki nyekundu, tukaridhika. Kabla kamati haijafyatua tofali la kwanza, naomba imuulize mwalimu mkuu jambo moja: nani anafundisha darasa la kwanza? Sifa ya shule ya msingi hutokana na matokeo ya darasa la saba, hivyo walimu hodari hupelekwa huko, na darasa la kwanza mara nyingi huachiwa aliyeripoti juzi au anayesubiri kustaafu.

Niliwahi kukaa nyuma ya darasa la pili lenye watoto zaidi ya mia moja, watatu watatu kwenye dawati na wengine sakafuni. Mwalimu alielekeza fimbo ubaoni, nao wakaitikia kwa sauti moja iliyotikisa bati. Nilimwomba mtoto aliyekuwa karibu nami anisomee ukurasa wa kitabu, akausoma wote bila kukosea, macho yakiwa kwenye picha. Nilipoifunika picha kwa kiganja na kumwonyesha neno moja la katikati, "kikapu", alinyamaza, akanitazama, kisha akaanza tena ukurasa tangu mwanzo. Mwalimu yule hakuwa mzembe hata kidogo. Kwa kipindi cha nusu saa, hata angempa kila mtoto nusu dakika, asingewamaliza.

Hali hii ina historia. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote waanze shule ifikapo 1977, ada ya shule ya msingi ikafutwa mwaka 2001, na Elimu Bila Malipo ikaanza Januari 2016. Ilikuwa haki kuifungua milango hiyo, nami nitaitetea daima, lakini kila mara watoto walifika kwa kasi kuliko walimu, hata ikabidi baada ya Musoma vijana waliomaliza darasa la saba wafundishwe ualimu huku wakifundisha.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025, imeweka miaka kumi ya elimu ya lazima, na tangu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umejengwa juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK. Nimefurahishwa na hatua zote mbili. Hata hivyo, kwa mtoto asiyejua kusoma, miaka kumi ni miaka kumi ya kunakili ubao.

Kuhusu fedha, kuna jaribio linalostahili kujulikana na kila kamati. Mwaka 2013 na 2014, shirika lisilo la kiserikali la Twaweza liliendesha mpango wa KiuFunza katika shule 350 za wilaya kumi nchini. Shule zilizopewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi, bila jambo jingine, hazikuonyesha maendeleo katika kujifunza. Zilizopata ruzuku pamoja na malipo ya ziada kwa mwalimu kwa kila mtoto aliyefaulu jaribio la KKK zilisonga mbele waziwazi. Mimi nasoma hapo kwamba vitabu na chaki huzaa matunda palipo na mtu anayewajibika kujua kama mtoto huyu, kwa jina lake, anasoma.

Kwa hiyo, ombeni mwalimu aliye bora awekwe darasa la kwanza na apande na watoto wale wale hadi la pili. Kila muhula, wajumbe wawili waketi na mtoto mmoja mmoja na kumwonyesha neno la katikati ya ukurasa, picha ikiwa imefunikwa. Walio kama binti yako wapangwe kwa uwezo wao wa kusoma, wa darasa la tatu hadi la tano pamoja, saa moja kila siku, waanze na silabi bila kuonewa aibu. Yeye mwenyewe mpeleke kwanza akapimwe macho na masikio.

Mkishayafanya hayo mkakuta darasa la kwanza bado lina watoto mia moja na mwalimu wa pili amepatikana ila hana pa kufundishia, basi jengeni, na chumba hicho kiwe cha darasa la kwanza.